Mswada umekwisha, kitabu bado: kuchapisha kazi ya kitaaluma ukiwa Tanga

Kuna maneno mawili ambayo waandishi wetu wa vyuo huyachanganya, na kuyachanganya huko huwagharimu: kuchapisha na kupiga chapa. Mpiga chapa ana mashine. Unampa faili, anakutolea nakala 500, mnamalizana. Hakuulizi kama jedwali la ukurasa wa 64 linajumlisha sawa, wala kama picha ya jaladani ina mwenyewe. Mchapishaji anaweza asiwe na mashine hata moja. Kazi yake ni kupima kama mswada unafaa, kuutafutia wataalamu wa kuusoma, kuuhariri, kuusanifu, kuuombea nambari, kulipia chapa, kuuza, kutunza hesabu na kumlipa mwandishi. Anayeuchukua mswada wake kwenye flashi na kuupeleka moja kwa moja kwa mpiga chapa wa Ngamiani ameitwaa kazi yote hiyo mikononi mwake, ajue asijue. Ile atakayoiruka ndiyo itakayoonekana kitabu kikishatoka.

Mji huu si mgeni wa mambo haya. Magila, upande wa Muheza, wamisionari walikuwa wakipiga chapa Kiswahili tangu miaka ya 1890, na shule ya serikali ya Wajerumani hapa mjini ilitoa gazeti la Kiongozi mwanzoni mwa karne ya 20. Kule Amani, kituo cha utafiti kilianza 1902. Maarifa hayajawahi kupungua mkoani. Kinachopungua ni maandishi yanayofika kwa msomaji, na sababu kubwa ni kwamba mwandishi anapoweka nukta ya mwisho hudhani amemaliza.

Tuanze na tasnifu, maana miswada mingi ya vyuoni imezaliwa humo. Tasnifu iliandikwa kwa ajili ya watahini watatu au wanne ambao kazi yao ilikuwa kukuuliza umejuaje. Msomaji wa kitabu anataka kujua umejua nini. Kwa hiyo sura ya mapitio ya maandiko haiwezi kubaki na kurasa zake 50. Yale yanayosaidia hoja yahamie kwenye sura zinazohusika, mengine yaondoke. Sura ya mbinu za utafiti hupungua ikawa kurasa mbili za utangulizi au kiambatisho. Sentensi za aina ya "sura hii imejadili" na "kama ilivyoelezwa katika sehemu 2.3.1" hufutwa zote. Tasnifu ya maneno 90,000 ikishachujwa vizuri hubaki 60,000 hivi, na hapo ndipo inapoanza kusomeka. Kwa kurasa za A5, herufi za pointi 11, ukurasa hubeba maneno 300 hadi 350, basi maneno hayo 60,000 ni kurasa 170 hadi 200 kabla ya picha. Ifanye hesabu hiyo mapema, kwa sababu bei yote ya chapa inaning'inia hapo. Na kama chuo kimeiweka tasnifu kwenye hazina yake ya mtandaoni, mweleze mchapishaji siku ya kwanza. Wengi hawakatai, lakini wanakasirika wakiikuta wenyewe.

Sura nyingine hazina urefu wa kitabu. Zinafaa kuwa makala. Jarida la kitaaluma lina adabu zake. Soma kwanza makala tatu za karibuni za jarida unalolitaka, uone urefu wake, mtindo wake wa marejeleo, na kama linajali mada yako kweli. Makala nyingi huwa maneno 6,000 hadi 8,000, ikisiri 150 hadi 250, na maneno muhimu manne hadi sita. Kwa wa Kiswahili, TATAKI, yaani Taasisi ya Taaluma za Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ina majarida yanayoitwa Kiswahili, Mulika na Kioo cha Lugha. Kwa fani nyingine, AJOL, jukwaa lililoanza 1998, hukuonyesha majarida ya Afrika kwa mada. Makala hupelekwa jarida moja tu kwa wakati mmoja. Ukiipeleka mawili ukingoja litakalowahi, wahariri wakigundua, yote mawili hukufungia mlango.

Kama utafiti ulihitaji kibali cha Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH), au cha maadili kutoka Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) kwa mambo ya afya, nambari ya kibali iandikwe ndani ya makala. Watafiti wa malaria na matende wa Muheza wanalijua hili vizuri. Wanaoteleza ni wenzetu wa sayansi za jamii waliohoji wavuvi wa Mwambani au wakulima wa mkonge kisha wakasahau kuonyesha ruhusa. Kupata kibali baada ya data kukusanywa ni kazi ngumu, mara nyingi haiwezekani.

Maoni ya wasomaji wataalamu yakirudi, yawe makali namna gani, yaache siku mbili. Kisha tengeneza jedwali la safu tatu: safu ya kwanza maneno yao neno kwa neno, ya pili umefanya nini, ya tatu ukurasa na mstari ulipofanya. Kila hoja ipate jibu, hata ile unayoikataa, na unapokataa toa sababu na ushahidi. Mhariri hana muda wa kuisoma makala upya yote. Anasoma jedwali lako. Makala nzuri zimekufa kwa sababu mwandishi alirudisha faili na ujumbe wa mstari mmoja, "nimerekebisha yote."

Halafu kuna majarida ya kitapeli, na hapa tunawaomba vijana watusikilize. Dalili zake zinajulikana: barua pepe inayokusifu kupita kiasi, ahadi ya kukubali makala ndani ya siku tano, jina linalofanana na la jarida kongwe kwa tofauti ya neno moja, bodi ya wahariri ambayo ukiwaandikia wajumbe wenyewe hawana habari, na ada inayotajwa baada ya kukubaliwa. Kutoza ada peke yake si utapeli. Majarida mengi ya wazi, yaani yanayosomwa bure mtandaoni, yenye heshima hutoza, na mengi husamehe au hupunguza kwa waandishi wa nchi zenye kipato cha chini. Uliza msamaha huo kabla ya kutuma, maana baada ya kukubaliwa wengine hawausikilizi tena. Angalia jarida kwenye DOAJ, orodha ya kimataifa ya majarida ya wazi, hakiki ISSN yake, yaani nambari ya utambulisho wa jarida yenye tarakimu nane, na chukua makala mbili zake uzisome. Ukiona makosa ambayo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angeyaona, jua hakuna aliyezisoma. Ubaya wake ni kwamba makala ikishatoka huko huwezi kuipeleka kwingine. Utafiti wa miaka mitatu umezikwa, na kamati ya kupandisha vyeo haiuhesabu.

Vitabu vya shule ni habari nyingine. Zamani kampuni binafsi ziliandika vitabu vya kiada na kamati iliyojulikana kama EMAC ikavipitisha. Kamati hiyo iliondolewa mwaka 2013, na kuandaa vitabu vya kiada kukawa kazi ya Taasisi ya Elimu Tanzania (TET). Mwalimu wa Tanga anayeandika leo kwa ajili ya shule anaandika kitabu cha ziada, na bado kinahitaji kufanyiwa tathmini TET na kupata ithibati ya Kamishna wa Elimu kabla hakijaingia darasani. Kinachowaangusha wengi ni muhtasari wa somo. Mitaala mipya ilianza kutumika Januari 2024, na mswada ulioandikwa kwa muhtasari wa zamani hauokolewi kwa kubadilisha vichwa vya sura. Weka muhtasari mpya kushoto na mswada kulia, uandike mbele ya kila umahiri ni ukurasa gani unaoujenga. Penye pengo, andika. Penye kitu kisichokuwemo kwenye muhtasari, jiulize kinafanya nini.

Majibu ya mazoezi yanastahili neno lake. Mwandishi hasahihishi majibu yake mwenyewe, kwa sababu jicho lake linaona alichokusudia. Mpe mwalimu mwingine maswali bila majibu, ayafanye yote kwa kalamu, kisha mlinganishe. Kwenye kitabu cha hisabati cha mazoezi 400, kazi hiyo ya wiki moja inaokoa heshima ya miaka. Mtoto aliyepata jibu sahihi kisha kitabu kikamwambia amekosa, ameumizwa na sisi.

Mswada ukiwa mkononi mwa mhariri, hupita mara tatu, na mara hizo zisichanganywe. Kwanza muundo: sura zimepangika, hoja inajirudia wapi, mfano upi haufai. Pili lugha na usahihi: sarufi, istilahi, takwimu, rejeleo lililotajwa ndani lakini halipo mwishoni. Tatu usomaji wa prufu, yaani nakala ya kusahihishia, kurasa zikishapangwa. Anayesahihisha koma kabla ya muundo atazisahihisha koma za aya zitakazofutwa. Kitabu cha Kiswahili kinaweza pia kupelekwa BAKITA kupata ithibati ya lugha, na tunashauri hivyo hasa kwa vitabu vya fani, ambako istilahi moja hupewa majina matatu katika sura tatu. Fanya orodha yako ya istilahi tangu ukurasa wa kwanza, uifuate, na mwishoni igeuke kuwa sherehe ya kitabu, yaani orodha ya istilahi na maana zake.

Kompyuta zina hila zake kwa lugha yetu. Programu ikiachwa kwenye lugha ya Kiingereza hukata maneno mwishoni mwa mstari kwa kanuni za Kiingereza, ukakuta "mwan-dishi" badala ya "mwa-ndishi", "jam-bo" badala ya "ja-mbo". Silabi zetu karibu zote huishia na irabu. Msanifu kurasa aelezwe, au azime ukataji kabisa. Kuna na ile alama ya ng'. Mtu akitaka kubadilisha alama za kunukuu kitabu kizima kwa amri moja, ng'ombe na ng'ambo wote huharibika naye asijue. Kisha majina. Rejeleo la Shaaban Robert huingia chini ya Robert, lakini jina la pwani lenye "bin" au "binti" ndani yake programu ya marejeleo hulivunja ovyo, na mwenye jina huyohuyo akaonekana kama watu wawili. Yapitie kwa macho, moja moja.

Faharasa, yaani orodha ya maneno na kurasa yanakopatikana, ifanywe mwisho kabisa, baada ya prufu ya mwisho, kwa sababu inategemea nambari za kurasa. Na kwenye prufu usiongeze aya. Sentensi mbili mpya ukurasa wa 30 zinaweza kusukuma kila kitu hadi mwisho wa sura, yaliyomo yakadanganya, na msanifu akakudai malipo ya pili, haki yake. Ukilazimika kubadilisha, ondoa maneno kiasi kilekile ulichoongeza, katika aya ileile.

Ruhusa. Picha, ramani, jedwali refu, shairi zima: kila kimoja kina mwenyewe. Kukiona mtandaoni si kuruhusiwa. Andika barua, taja kitu chenyewe, kitabu chako, idadi ya nakala, na kama kitatoka pia kwa njia ya kielektroniki, kisha weka jibu kwenye faili. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inalinda kazi ya mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Waandishi wa Tanga hupenda kumnukuu Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani, aliyefariki 1962, na wengi huishia kuhesabu miaka tu. Hesabu hiyo haitoshi. Tazama toleo unalonakili lilihaririwa na nani, lina dibaji na maelezo ya nani, kwa kuwa hayo yana haki zake. Picha za watu nazo, hasa watoto wa shule, zitake idhini ya maandishi ya mzazi. Anza kuomba ruhusa miezi sita kabla. Ndiyo sababu ya kawaida kabisa ya kitabu kuchelewa, na hakuna anayeipangia muda.

Sasa mkataba. Usome mara mbili ukiwa nyumbani. Usiusaini mezani kwa mchapishaji, hata kama mnaheshimiana sana. Kifungu cha kwanza cha kutafuta ni kama unampa leseni ya kuchapisha au unamhamishia hakimiliki yote. Ukihamisha, hata kunukuu sura yako mwenyewe kwenye kitabu kingine kutahitaji ruhusa. Kuna mikataba ya kulipwa mara moja, fedha taslimu na kwaheri. Inafaa kwa kazi ndogo iliyoagizwa, haifai kwa kitabu cha kozi kitakachouzwa miaka 15. Na kwa aliyeajiriwa, asome kwanza mkataba wa ajira na sera ya chuo chake, kwa kuwa kazi iliyofanywa ndani ya ajira inaweza kuwa mali ya mwajiri isipokuwa mmekubaliana vingine kwa maandishi.

Mrabaha, yaani malipo ya mwandishi kwa kila nakala inayouzwa, huandikwa kwa asilimia, na watu huitazama asilimia wakasahau kuuliza ya nini. Tuseme bei ya jalada ni shilingi 15,000 na muuza vitabu anapewa punguzo la asilimia 30. Asilimia 10 ya bei ya jalada ni shilingi 1,500 kwa nakala. Asilimia 10 ya mapato halisi ya mchapishaji, yaani ya 10,500, ni shilingi 1,050. Zikiuzwa nakala 800, njia ya kwanza inakupa 1,200,000 na ya pili 840,000. Tofauti ya 360,000 imekaa ndani ya maneno mawili. Njia ya pili si wizi, wachapishaji wengi wazuri huitumia, lakini ukikubali mapato halisi omba asilimia ipande, tuseme 12 au 15. Kwenye malipo hukatwa kodi ya zuio; dai cheti chake, kitakufaa ukifanya hesabu zako na TRA.

Vifungu vingine hupitwa haraka, navyo ndivyo vinavyouma baadaye. Taarifa ya mauzo iletwe lini: kila miezi sita au kila mwaka, na iseme nakala zilizochapwa, zilizouzwa, zilizogawiwa bure, zilizobaki bohari. Kitabu kitoke ndani ya muda gani, kama miezi 18, baada ya hapo mswada urudi kwako. Haki ya nakala za kielektroniki na ya tafsiri ni ya nani, na mgawo wake kiasi gani. Na kifungu cha haki kurejea: kitabu kikiisha bohari, ukamwandikia mchapishaji, akakaa miezi 12 bila kukichapa tena, haki zinakurudia. Kifungu hiki kisipokuwepo, kitabu chako kinaweza kulala kabatini kwa mtu milele, wanafunzi wakikidurufu barabarani, wewe huna la kufanya. Kwa waandishi wawili au zaidi, migawo iandikwe kabla ya sura ya kwanza, kwa tarakimu, pamoja na mpangilio wa majina. Nalo la mwisho tulisema kwa upendo: hakimiliki hurithiwa. Nakala ya mkataba ikae mahali ambapo mke, mume au watoto wataiona, na wajue ni kitu cha kuulizia siku ya mirathi.

Nambari ya ISBN, inayokitambulisha kitabu, huombwa Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Ina tarakimu 13 tangu 2007, na ya kwetu utaitambua kwa 9976, 9987 au 9912 baada ya 978. Kila umbo hupata yake: jalada laini moja, jalada gumu nyingine, kielektroniki nyingine. Usichukue nambari ya kitabu kingine ukaibandika kwa muda. Tumeona vitabu viwili vyenye nambari moja, na maktaba zikishaingiza kosa hilo halifutiki. Kitabu kikitoka, sheria inadai nakala za kuhifadhiwa Maktaba ya Taifa. Peleka nyingine Maktaba ya Mkoa hapa Tanga hata kama hukuombwa.

Tufike kwenye mashine, ambako pwani ina mashauri yake. Karatasi kubwa hupigwa chapa kisha hukunjwa ikawa kurasa 16. Kitabu chako kikiishia kurasa 195, unalipia 208, nyingine 13 ni tupu. Ukipunguza kurasa tatu unapata 192 kamili. Mwambie msanifu mapema. Kurasa 208 ni karatasi 104, na kwa karatasi ya gramu 80, yenye unene wa milimita 0.1 hivi, uti wa kitabu ni milimita 10 na ushee. Jalada likisanifiwa kabla ya idadi ya kurasa kujulikana, jina la kitabu huangukia pembeni.

Muulize mpiga chapa nyuzi za karatasi zimelala upande gani. Zinatakiwa ziende sambamba na uti. Zikikatiza, karatasi ikinywa unyevu hutanuka kinyume na gundi, kurasa hujikunja mawimbi, uti ukapasuka. Dodoma huenda usilione kosa hilo. Tanga, masika moja tu, Machi hadi Mei, linatosha kulifichua. Kitabu cha darasani, kitakachofunguliwa kila siku, kishonwe uzi kabla ya kutiwa gundi. Gharama inaongezeka kidogo na umri wa kitabu mara kadhaa. Pambizo ya ndani isipungue milimita 20, mwanafunzi asilazimike kukivunja mgongo ili asome.

Picha zinahitaji nukta 300 kwa inchi kwa ukubwa zitakaochapwa. Picha ya upana wa sentimita 12 iwe na pikseli 1,417 kwa uchache, na michoro ya mistari izidi hapo. Picha iliyopita kwenye WhatsApp kama picha imeshabanwa. Itumwe kama faili. Maandishi yawe weusi mtupu, si weusi uliochanganywa rangi nne, la sivyo herufi ndogo huwa na kivuli. Faili la mwisho liwe PDF yenye fonti ndani yake. Kisha dai nakala moja ya majaribio, karatasi ileile na jalada lilelile, uikague kabla nyingine 499 hazijaguswa. Mpiga chapa akikuambia hana muda wa nakala ya majaribio, mtafute mwingine.

Idadi ya nakala ni pale tamaa inapopambana na hesabu. Tuseme maandalizi ya mashine na pleti, yaani mabamba ya kuchapia, ni shilingi 1,500,000, na karatasi na kazi 3,000 kwa kila nakala. Nakala 300 zitagharimu 8,000 kila moja, nakala 1,000 zitagharimu 4,500. Mtu huona tofauti hiyo akaagiza 1,000, kumbe wanafunzi wa kozi yake ni 120 kwa mwaka. Nakala 1,000 ni miaka minane ya kutunza. Kwa idadi ndogo, chini ya 200, mashine za dijitali hazina pleti. Kila nakala ni ghali zaidi lakini hutabaki na deni la maboksi.

Maboksi hayo yasikae sakafuni. Chaga chini, nafasi ya kiganja kati ya boksi na ukuta, dirisha la hewa, na ukaguzi wa mchwa kila mwezi. Usizidishe maboksi matano kwenda juu, la chini hupinda. Ukituma Dar es Salaam kwa basi la asubuhi kutoka stendi ya Kange, funga nakala 20 kwa karatasi ya nailoni ndani ya boksi, maana buti la basi hulowa, na boksi la nakala 60 hakuna kuli atakayelibeba kwa upole.

Maduka mengi ya vitabu hupokea kwa mali kauli: wanauza, wanakulipa baadaye, zisizouzwa zinarudi. Andika hati kila mara, nakala ngapi, punguzo kiasi gani, hesabu siku gani, na vitabu vilivyorudi vimechakaa ni hasara ya nani. Mali kauli bila karatasi ndiko fedha za waandishi wa Tanga zilikopotelea zaidi kuliko mahali pengine popote. Pitia dukani kila miezi mitatu, uhesabu kwa mkono. Kwenye bei ile ya 15,000, chapa 4,500, muuzaji 4,500, mrabaha 1,500, kinabaki 4,500 cha uhariri, usanifu, usafiri, bohari na nakala zitakazoharibika. Si nyingi. Mwenye kupanga bei kwa kuongeza buku mbili juu ya gharama ya chapa anajikopesha mwenyewe bila kujua.

Siku kitabu kinapofika, chukua nakala moja uandike jaladani "ya makosa", isitoke mezani. Kila kosa litakaloonekana, na yataonekana, liingie humo kwa kalamu nyekundu, pamoja na tarehe na aliyeliona. Wanafunzi ndio wakaguzi wazuri kuliko wote, waombe waziwazi. Kosa la kuhatarisha, kama kipimo cha dawa au fomula, lisingoje: piga chapa kipande cha masahihisho, kiingizwe ndani ya kila nakala iliyobaki na kipelekwe madukani. Mengine yangoje. Nakala zikiisha ukarekebisha herufi na tarakimu tu, hiyo ni chapa ya pili, ISBN ni ileile, na ukurasa wa hakimiliki unaongezwa mstari wa mwaka wake. Ukiongeza sura, ukabadilisha takwimu au ukafuata muhtasari mpya, hilo ni toleo la pili, linaombewa nambari yake, na mkataba utazamwe tena kabla ya kuanza.